Kukodi Jua au Kulinunua

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni nacheka mpaka mwiko unanidondoka. Siku yenyewe sikucheka. Siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke niingie, maana watu walijaa uani kwangu, fundi yuko juu ya paa, shemeji yangu amekuja na mnunuzi wa ng'ombe, na mimi niliyejifanya mjuaji wa kitongoji kizima sikuwa na pa kuuweka uso. Nakusimulia kwa sababu umekuja na swali lile lile wanaloniletea vijana wengi siku hizi: Mama, nyumba yangu imekwisha, sola nikodi au ninunue? Nitakujibu. Ila kaa kwanza unywe uji, maana jibu langu lina njia ndefu kidogo.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, damu inachemka. Tuliishi kwenye tembe la mama mkwe wangu, Bi Mwanahamisi, katika kitongoji kimoja mbele ya Ikungi, mkoani Singida, mbali na barabara ya lami. Nyinyi mliozaliwa chini ya bati labda tembe mmeliona kwa mbali tu. Ni nyumba ya udongo yenye paa tambarare, na paa lenyewe ni udongo vile vile, umelala juu ya magogo. Juu yake watu huanika mtama, maboga, mboga, kila kitu. Ukisimama uani huoni kilichoko huko juu.

Nguzo za umeme zilikuwa hazijafika kwetu. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa Mwanza kwenye vibarua vya ujenzi na alirudi mara mbili kwa mwaka. Shamba la alizeti na uwele lilikuwa mikononi mwangu, pamoja na maksai wawili wa kulimia, Mweusi na Kidevu. Hao ng'ombe ndio waliokuwa wanatulisha. Ukiuza mmoja, aliyebaki havuti jembe peke yake, na mwaka unaofuata unarudi kwenye jembe la mkono, wewe na mgongo wako.

Basi siku ya mnada wakaja watu wa kampuni moja ya sola na meza yao na mwavuli wao. Walikuwa wanakodisha. Unatanguliza kidogo, wanakuja kukufungia paneli juu ya paa, betri na taa ndani, halafu unalipa kila wiki kwa simu. Usipolipa, taa zinajifunga zenyewe. Ukichelewa sana, wanakuja kuchukua vyombo vyao na ulichokwisha kulipa kimekwenda. Ukilipa mpaka mwisho, vinakuwa vyako. Mimi nilisikiliza nusu tu. Nusu nyingine nilikuwa tayari naona taa zinawaka chumbani kwangu na majirani wanaleta simu nizichaji.

Shemeji Hamisi, kaka mkubwa wa mume wangu, alipinga. Na nikuambie ukweli, hakuwa mjinga. Aliniambia, "Mama Zuhura, vya kukodi vina kamba ndefu. Muuzeni Kidevu, mnunue sola yenu pale Singida mjini, muwashe bila kuulizwa na mtu." Tatizo la shemeji ni kwamba alipenda kununua kwa ng'ombe wa watu wengine. Wa kwake hakugusa.

Nikampigia simu Ramadhani. Akasema, "Wewe ndiye uliyepo hapo. Amua." Mwanangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Kwa baba yangu aliamua baba, kwa mume waliamua wanaume. Nilikaa na ile simu mkononi kwa muda mrefu, nimefurahi mpaka machozi yananilengalenga. Lakini Hamisi naye akampigia mdogo wake, wakazungumza, wakapatana hivi: mimi nikodi kama nilivyotaka, ila mambo yakiharibika, maamuzi ya mji ule yarudi kwa Hamisi, na Kidevu atauzwa. Nikakubali mbele ya mama mkwe. Nikasema kwa mdomo wangu huu, "Yakiharibika, mje mumchukue." Ujana bwana!

Nilisoma mpaka darasa la saba, kusoma najua. Lakini ile karatasi ya mkataba niliitia sahihi kabla yule dada wa mezani hajamaliza kuikunjua. Wakaja, wakafunga. Paneli wakaipandisha juu ya tembe, wakaiegesha kwenye vipande viwili vya mbao ikiwa imelala karibu sawasawa na paa. Ndani wakaning'iniza taa nne na kiboksi kidogo chenye vitufe vya namba ukutani. Jioni ile ile nikawasha, na kitongoji kizima kikaja kutazama.

Mama mkwe aliniuliza, "Hicho mlichokipandisha juu ya paa langu ni kitu gani?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya umeme, mama. Wewe usihangaike nayo."

Hilo jibu linaniuma mpaka leo. Nilimjibu kwa adabu, sauti ya chini, macho chini, kila kitu kama nilivyofunzwa, na bado lilikuwa jibu la dharau. Nilimwona mzee asiyeweza kuelewa. Yeye akasema, "Haya," akaenda zake kupembua uwele.

Mimi mwenyewe sikupanda kule juu hata siku moja. Kwa watu nilisema ni heshima, kwamba nililelewa kuamini kuwa mke wa mwana hatembei juu ya kichwa cha mama mkwe wake. Na ni kweli nililelewa hivyo. Lakini sababu ya ndani ilikuwa nyingine: moyoni niliona kile kitu si changu. Ni cha kampuni. Kikichafuka ni chao, kikiharibika waje wenyewe, mimi kazi yangu ni kulipa na kuwasha.

Miezi ya mwanzo nilitamba. Simu zililetwa kutoka vitongoji vitatu, zimeandikwa majina kwa kalamu kwenye vipande vya plasta. Hela ya kuchaji ilitosha kulipa wiki na kununua sabuni na chumvi. Nilitembea kifua mbele. Nikikutana na Shemeji Hamisi njiani namwamkia, "Shikamoo shemeji, simu yako haijaisha chaji?" Naye anaitikia marahaba huku anatazama pembeni.

Kisha zikaja mvua, tukaingia shambani kupalilia. Nilitoka alfajiri na kurudi mchana wa jua kali. Ndipo taa zikaanza kufifia. Zinawaka kidogo, zinakata. Simu ya mtu inashinda kwangu siku nzima na inarudi na chaji ya kupiga mara moja tu. Watu wakaanza kuchukua simu zao na kuzipeleka Ikungi. Na wewe unajua miezi ile ilivyo kwetu: alizeti bado iko shambani, ghala tupu, hakuna cha kuuza. Hela ya kuchaji ikakatika, wiki ikapita sijalipa, kiboksi kikajifunga. Nikauza jogoo, kikafunguka. Kikajifunga tena.

Nikawapigia kampuni. Mwanangu, niliwatukana! Niliwaambia wameniletea paneli mbovu, wameona mimi mwanamke wa kijijini, matapeli wakubwa, nitawapeleka mpaka kwa mkuu wa wilaya. Yule wa simu alivumilia sana. Akasema atatuma fundi.

Katika shida zote hizo, kitu kimoja tu kilinifariji, nacho ni mboga. Mama mkwe alikuwa anaanika mlenda, ule tunaokausha wakati wa mvua ili tule kiangazi. Mlenda ulioanikwa juu ya tembe siku zote una mchanga. Unakula ugali huku unatafuna taratibu kwa kuogopa meno. Lakini mwaka ule haukuwa na chembe moja ya mchanga. Nilimsifia kabisa. Nikamwambia, "Mama, mlenda wa safari hii umekauka vizuri, na msafi!" Akafurahi, akaniongezea.

Najua umekwisha kuelewa. Wewe una akili kuliko mimi wa wakati ule.

Fundi alikuja asubuhi moja na pikipiki. Nilitegemea mwanaume, akashuka binti kavaa buti na suruali, jina lake Rehema. "Shikamoo mama," akaniambia, na mimi nikamwitikia kwa kununa, kisha nikaanza kesi. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika maana nilitangaza kila mahali kwamba siku ya fundi nitawaonyesha matapeli. Na Shemeji Hamisi naye akatokea, na nyuma yake mwanaume mwenye fimbo na koti refu, mnunuzi wa mnadani. Alikwenda moja kwa moja zizini akaanza kumpapasa Kidevu mgongo.

"Mama Zuhura," shemeji akasema mbele ya wote, "tulipatana. Mambo yameharibika, ama hayajaharibika?"

Nikasema, "Subiri fundi aseme. Kampuni ndiyo yenye makosa."

Rehema akaomba ngazi, akapanda. Wanawake wakaguna kumwona binti anapanda juu ya tembe na suruali. Akafika juu. Sote tukainua shingo. Kisha sauti yake ikashuka kutoka juu, tulivu kabisa:

"Mama, naomba ungo."

"Ungo wa nini?" nikauliza.

"Wa kushushia mboga. Paneli yote imeanikwa mlenda."

Mama mkwe akachomoka ndani kwa haraka ambayo sikujua bado anayo. "Wewe binti! Taratibu na mlenda wangu! Hapo ndipo panapokauka vizuri, hapana mchanga!"

Uani palilipuka kicheko. Watu walicheka wakashikana mabega. Mnunuzi wa ng'ombe alicheka akaegemea boriti ya zizi. Hamisi alicheka kuliko wote, akajifuta machozi kwa shati, halafu akasema, "Haya basi. Kampuni haina kosa. Mfungue huyo ng'ombe."

Nilisimama pale mikono imening'inia. Niliona Kidevu anatolewa, niliona nimerudi kwenye jembe la mkono, na zaidi ya hayo yote niliona lile neno "amua" linachukuliwa kutoka kwangu na sitalisikia tena. Nilikuwa radhi kulia mbele ya watu.

Mama mkwe akainua mkono, kicheko kikakatika. Alinigeukia mimi kwanza. Alizungumza Kinyaturu, kama alivyofanya kila alipokuwa hatanii.

"Nilikuuliza hiki ni kitu gani," akasema. "Ukaniambia nisihangaike. Sikuhangaika. Nikaona kuna ubao msafi juu ya paa langu, una joto, nikaanika mboga ya watoto wako. Kosa langu liko wapi?"

"Huna kosa, mama."

"Na wewe mwenye kitu, mara ngapi umepanda kukitazama?"

Nikasema sijapanda, kwa heshima yake.

"Heshima!" akasema. "Heshima ni kuniambia kilichoko juu ya kichwa changu. Ungeniomba, ningekushikia ngazi mimi mwenyewe. Wewe ulikiona ni cha watu, ukakiacha kikae huko kama mgeni asiyepewa maji. Ulichokubali kukilipia kila wiki kilikuwa kimekwisha kuwa kazi yako, kiwe cha nani kiwe."

Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi nikamwomba radhi. Si kwa ajili ya watu. Niliona aibu ya kweli.

Ndipo akamgeukia mwanawe. "Na wewe Hamisi. Kilichoharibika ni mlenda, na mlenda ni wangu. Mimi ndiye niliyeziba jua. Utaniuza mimi?" Watu wakacheka tena, ila safari hii upande wetu. "Huyu ng'ombe haendi mnadani. Na mwenye kuamua hapa ni huyu huyu, maana leo amejua kitu ambacho wewe hujakijua bado. Mrudishe mgeni wako kwa amani, umpe na maji ya kunywa."

Mnunuzi alikunywa maji yake akaondoka. Rehema alishuka na ungo umejaa mlenda, akampokeza mama mkwe kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Mwanangu, usiondoke. Nipandishe huko juu unionyeshe." Mama mkwe akashika ngazi, kama alivyosema. Nikapanda kwa mara ya kwanza, nikaiona ile paneli inang'aa na chembechembe za majani zimeganda pembeni. Rehema alinifundisha kuifuta kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto. Alinionyesha jinsi ya kuinua mbao ili mvua iioshe na majani yasikae hata mtu akisahau. Alinionyesha nyaya na namna ya kujua kama zimelegea.

Tuliposhuka nikatoa ile karatasi ya mkataba, tukakaa mkekani tukaisoma yote. Mwanangu, katikati ya karatasi, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa kwamba mteja anaweza kulipa wiki nyingi kwa mara moja, mbele, akipenda. Yaani ningeuza alizeti wakati wa mavuno nikalipa mpaka mvua ya mwaka mwingine! Miezi ile ya njaa isingenigusa. Na mimi mkulima, ninayeona hela nyingi mara moja kwa mwaka, nilikuwa nimejifunga kulipa kila wiki kama mfanyakazi wa ofisini, kwa sababu tu sikusoma.

Wiki zilizopita nilizilipa kwa kuuza majogoo wawili na beberu. Mwanga ukarudi siku ile ile, mkali mpaka tukafumba macho. Na mama mkwe ndiye aliyegeuka mtangazaji wangu. Alipita nyumba kwa nyumba, "Leteni simu zenu, mlenda nimeuhamishia upande wa pili." Walirudi wote, na wengine wapya waliokuja kumwona tu bibi aliyeanika mboga juani mpaka jua likakata. Kila asubuhi kabla ya shamba alinishikia ngazi nikapanda kufuta. Mlenda wetu ukarudia mchanga wake, tukautafuna kwa furaha.

Mavuno yalipokuja, kitu cha kwanza niliuza alizeti nikalipa mbele, wiki chungu nzima. Mwaka uliofuata hivyo hivyo. Na siku ya malipo ya mwisho, Ramadhani akiwa amerudi likizo, ukaja ujumbe kwenye simu wenye namba ndefu. Nilizibonyeza kwenye kile kiboksi moja moja, mama mkwe ameketi kitandani ananihesabia kwa sauti. Taa nyekundu ya kiboksi ikazimika, ikawaka ya kijani, na tangu hapo kiboksi hakikujifunga tena. Mama mkwe alipiga kigelegele kilichosikika mpaka ng'ambo ya korongo. Nilicheza, mwanangu! Nilicheza uani peke yangu bila ngoma, na zizini maksai wote wawili wakinitazama.

Shemeji Hamisi alikuja kesho yake, simu mkononi. Akasema, "Shemeji, nimeshindwa. Nichajie." Nilimchajia bure. Ila nilihakikisha watu wote wameona. Na baadaye, alipotaka sola ya kwake, alinijia kabla hajakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Tulikaa naye siku nzima. Nikamshauri anunue, kwa sababu yeye alikuwa na duka na mbuzi wa kuuza bila kuharibu kilimo chake.

Mimi pia nimenunua. Tulipojenga nyumba ya bati nilikwenda Singida mjini na hela yangu taslimu. Muuza duka alinitazama kanga na kandambili akaniletea paneli iliyokaa kwenye boksi zuri. Nikamwambia, "Mwanangu, itoe nje juani, uifunge na taa, niione ikiwaka." Akasema haina haja. Nikamwambia hela nayo basi haina haja ya kutoka. Akaitoa. Ikawaka kidogo kama kibiriti. Akaleta nyingine, nayo nikaipima, na nyingine. Ya tatu ndiyo niliyoondoka nayo, pamoja na karatasi ya dhamana yenye muhuri. Hiyo ndiyo inayowasha hapa tulipokaa.

Kwa hiyo nimekodi na nimenunua, na vyote viwili vimenipa mwanga. Sasa sikiliza ninachokuambia.

Usiniulize kwanza bei. Tazama hela inaingiaje nyumbani kwako. Wewe ni mwalimu, unapata kila mwezi, kukodi kunaweza kukufaa, mradi usome karatasi yote, mpaka maandishi madogo, ujue ukichelewa watakufanya nini na mwisho wake vitakuwa vya nani. Kuna wanaokodisha na kitu kinabaki chao milele, na kuna wanaokodisha mpaka kinakuwa chako. Uliza hilo mapema. Kama unacho cha kuuza ambacho hakikulishi, nunua, upumue. Lakini kile kinacholima shamba lako usikiuze kwa ajili ya taa. Ukinunua, pima juani kabla ya kutoa hela, na ujue ni fundi gani atakuja ikiharibika, maana hapo hakuna kampuni ya kupigia kelele. Ukikodi, panda ukakitazame kama kitu chako tangu siku ya kwanza. Na vyovyote utakavyochagua, mwambie mkeo, mwambie mama yako, mwambie hata mzee asiyeuliza. Usimwamulie mtu kwamba hataelewa.

Halafu uamue mwenyewe. Mimi sitakuamulia. Ukikosea, kubali mbele ya waliokuona unatamba, urekebishe, uendelee. Mimi nilikosea mbele ya kitongoji kizima na bado nikashinda.

Nenda salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu aibariki nyumba yako ikae na mwanga na watu. Ukikodi, akuwezeshe umalize. Ukinunua, kikudumie. Na watoto watakaozaliwa humo wakue mpaka wakuulize koroboi ilikuwa kitu gani, nawe uwe hai uwasimulie. Amina.